Koti Jeupe, Jiki na Kosa Langu la Mwaka wa Tatu

Jumapili moja usiku, nikiwa mwaka wa tatu, niliweka koti langu la wodini kwenye beseni, nikamimina maji kidogo kwa sababu bomba la hosteli lilikuwa limekatika tangu mchana, halafu nikamwagia jiki karibu nusu chupa. Jirani yangu wa chumba akapita akaniambia, "Kamulia na ndimu, linang'aa zaidi." Nikakamulia. Ikatoka harufu kali, macho yakaanza kutoa machozi, nikaona dawa imekolea. Nikalisogeza beseni koridoni nikalala.

Asubuhi yake tulikuwa tunaanza upasuaji. Kila anayesoma fani yetu anajua ile siku ya kwanza ya raundi: ukiingia na koti lenye rangi ya chai ya maziwa, umeshakatwa maksi kabla hujafungua mdomo. Basi nilipolitoa kwenye beseni na kuliona jeupe kama karatasi, nilifurahi. Nikalisuuza mara moja, nikalipiga pasi likiwa bado bichi, nikakimbia.

Kwenye saa nne, kitanda cha tatu, niliambiwa nimpime bibi mmoja mapigo ya moyo. Nikanyoosha mkono. Kiwiko cha koti kikachanika. Hakikukwama kwenye msumari wala kwenye kitanda, kilichanika tu kama gazeti lililolowa. Daktari bingwa akanitazama, akahamia kitanda cha nne bila neno. Bibi ndiye aliyesema, "Pole mwanangu."

Lilikuwa koti langu pekee. Mama alinunua kitambaa mwenyewe, pamba tupu, akisema Dar ni joto, akalishonesha kwa fundi wa mtaani kwetu. Na boom lilikuwa bado halijaingia.

Jioni nililipeleka kwa mzee mmoja, dobi anayepigia pasi wanachuo karibu na geti letu. Nilimwamkia, akaitikia, akalipokea koti, akalivuta kidogo kwa vidole viwili. Likachanika tena, pale pale mbele yangu. "Kijana," akasema, "hili hukulifua. Umelichoma bila moto." Akaniambia kila muhula analetewa makoti ya namna hii, na wote wanaoleta wanashangaa, kwa sababu wote wanaamini walikuwa wanalitunza.

Nimeandika makala hii kwa ajili yao. Nilichojifunza kwa yule mzee, na baadaye nikakihakikisha kwenye vitabu vya kemia nilivyokuwa navyo siku zote, ni kimoja: koti likipoteza weupe, kwanza ujue limepatwa na nini. Sisi tunaofundishwa kila siku kutotoa dawa kabla ya kumpima mgonjwa, tukifika kwenye beseni tunatoa dawa moja kwa kila ugonjwa, tena kwa dozi ya kuua.

Kwa nini koti jeupe linaacha kuwa jeupe

Mara nyingi koti lililofifia halijakosa jiki. Limebeba kitu. Na kitu hicho huwa kimoja kati ya vinne.

Cha kwanza ni mabaki ya sabuni yenyewe. Maji ya visima vingi vya pwani yana madini ya kalisiamu na magnesiamu, ndiyo maana sabuni ya mche haitoi povu upesi. Sabuni ikikutana na madini hayo inaganda na kuwa utando mweupe-kijivu unaonata kwenye nyuzi, na vumbi linanata juu yake. Unafua, koti linazidi kuwa la kijivu, unaongeza sabuni, nalo linazidi tena. Kumbe unalipaka. Sabuni ya unga haigandi hivyo, kwa hiyo kwa maji ya chumvi ndiyo inayofaa zaidi, mradi usuuze vizuri.

Cha pili ni mafuta ya mwili na jasho, kwenye kola, mikunjo ya mikono na makwapa. Kitambaa chenye poliesta kinashika mafuta kuliko pamba, na maji baridi peke yake hayayatoi. Yakikaa wiki kadhaa yanageuka njano.

Cha tatu ni kutu. Kama maji yenu yanatoka na wekunduwekundu asubuhi bomba likifunguliwa, yana chuma. Hapo jiki ni adui wa wazi: klorini inakifanya chuma kilichoyeyuka kiwe kutu na kuganda kwenye kitambaa. Umeweka dawa ya kung'arisha, umetoka na madoa ya rangi ya machungwa. Watu wengi hudhani jiki ilikuwa feki.

Cha nne ni doa halisi: damu, wino, ayodini, chai. Kila moja lina njia yake, na nitafika huko.

Kuna na jambo la tano ambalo si uchafu. Vitambaa vyeupe vya dukani na sabuni nyingi za unga huwekewa kemikali inayopokea miale ya jua tusiyoiona na kuirudisha kama mwanga wa bluu. Jicho likipokea bluu kidogo juu ya njano, linaona nyeupe. Kemikali hiyo inaisha kadiri unavyofua na kuanika, na koti linaonekana limechoka hata kama ni safi. Bluu ya bibi zetu, ile ya kusuuzia shuka na kanzu, inafanya kazi iliyo karibu na hiyo: inatia rangi ya bluu hafifu inayofunika njano. Si vibaya kuitumia, lakini tusijidanganye. Bluu haitoi uchafu wala vijidudu, inabadilisha tu jinsi jicho linavyoona. Koti chafu lililotiwa bluu ni koti chafu.

Hili lina uzito kwetu. Mpaka karne ya 19 inaelekea kuisha, madaktari wa Ulaya walivaa makoti meusi, na damu iliyokauka haikuonekana. Nguo nyeupe ilishika nafasi baada ya kazi ya watu kama Joseph Lister, aliyechapisha mwaka 1867 matokeo yake ya kutumia asidi ya kaboliki kwenye vidonda. Moja ya faida za nyeupe ni kwamba uchafu unaonekana, ukionekana unafuliwa. Ukiificha njano badala ya kuitoa, umelirudisha koti kwenye weusi wake wa zamani.

Jiki inafanya nini kwenye pamba

Jiki ni sodiamu haipokloraiti ndani ya maji. Inaondoa rangi kwa kuvunja molekuli za kitu chenye rangi. Shida ni kwamba haichagui. Pamba ni selulosi, minyororo mirefu ya sukari iliyoungana, na urefu wa minyororo hiyo ndio uimara wa uzi. Jiki ikimaliza doa inaendelea na mnyororo. Uzi unabaki mweupe, unabaki na umbo, ila umekatikakatika ndani. Huoni kitu mpaka unyooshe mkono mbele ya bibi wa kitanda cha tatu.

Vitu vitatu vinazidisha uharibifu huo: ukali, muda na joto. Nami nilivikosea viwili kwa usiku mmoja, nikaongeza na kosa la tatu, la ndimu.

Tuanze na ukali. Nadhani tatizo letu linatoka wodini. Tunafundishwa kwamba kutakasa vitu vyenye damu unachanganya sehemu 1 ya jiki ya asilimia 3.5 na sehemu 6 za maji, upate klorini ya asilimia 0.5, dakika 10. Kipimo hicho ni cha kuua vijidudu. Mwanachuo anarudi nacho hosteli na kukitumia kwenye koti, tena usiku kucha. Kwa kung'arisha pamba, vijiko viwili vya chakula vya jiki kwenye lita 5 za maji baridi vinatosha, kwa dakika 5 hadi 10. Piga hesabu mwenyewe: ni hafifu zaidi ya mara 20 kuliko ile ya wodini. Soma lebo pia, maana ukali wa chupa hutofautiana. Na changanya kwenye maji kabla nguo haijaingia. Jiki iliyomwagiwa moja kwa moja juu ya kitambaa inaacha matundu.

Muda nimeshausema. Kama dakika 10 hazijatosha, tatizo si rangi, ni mojawapo ya yale manne, na saa nane nyingine hazitasaidia.

Sasa ndimu. Jiki hutengenezwa ikiwa na ualkali mwingi, na ualkali huo ndio unaoituliza. Ukitia asidi, iwe ndimu, siki au dawa ya choo, mambo mawili yanatokea. Kwanza, kadiri pH inavyoshuka kuelekea 7, jiki inakuwa kali zaidi kwa selulosi kuliko wakati mwingine wowote. Yaani pamba inakatika upesi. Pili, inatoa gesi ya klorini. Ile harufu iliyonitoa machozi haikuwa dalili ya dawa kukolea. Ni gesi ileile iliyotumiwa kama silaha vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Nami niliisogeza koridoni, watu wamelala. Usichanganye jiki na asidi. Usiichanganye na amonia wala kuimwaga kwenye mkojo, nako kunatoka gesi mbaya. Jiki na maji baridi tu, dirisha wazi.

Ujue kitambaa chako

Koti la dukani huwa na lebo ndani ya kola au ubavuni. Tafuta alama ya pembetatu. Ikiwa tupu, jiki inaruhusiwa. Ikiwa na mistari miwili ya mshazari ndani, tumia tu dawa ya kung'arisha yenye oksijeni. Ikiwa imekatwa kwa alama ya X, usitie chochote cha namna hiyo.

Makoti yetu mengi ni ya fundi, hayana lebo. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uushike kwa kibanio, uuchome mbali na vitu vya kuwaka. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha punje ngumu. Ukipata vyote viwili, una mchanganyiko, na makoti mengi ya kazi ni mchanganyiko, mara nyingi poliesta 65 kwa pamba 35. Poliesta yenyewe inaivumilia jiki, ila ile pamba iliyo ndani haivumilii, hivyo koti linazidi kuwa jepesi mpaka unaona shati kwa chini. Kwa mchanganyiko, tegemea sabuni na maji ya moto, jiki iwe nadra sana.

Nguo yenye mpira unaovutika, kama suruali nyingi za kisasa za wodini, isiguswe kabisa na jiki. Inageuka njano na mpira unakufa.

Madoa, moja baada ya jingine

Damu inataka maji baridi, mara moja. Maji ya moto yanaipika protini ikashika kwenye nyuzi, na hapo hata sista wa miaka thelathini kazini hataitoa. Ikibaki alama, nenda duka la dawa ununue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, tone chache zinatosha. Itachemka povu, kwa sababu damu ina kimeng'enya kinachoivunja. Suuza, rudia.

Wino wa kalamu, weka kitambaa safi chini ya doa, gusagusa kwa pamba yenye spiriti, ukibadilisha kitambaa cha chini kila kinapopokea wino. Usisugue, utautandaza. Njia hiyo inasaidia pia madoa mengi ya rangi za maabara.

Ayodini ya kahawia, saga kidonge cha vitamini C, kiyeyushe kwenye maji kidogo, pakaa. Rangi inapotea ukiona, kwa sababu vitamini hiyo inaigeuza ayodini kuwa ayodaidi isiyo na rangi. Mara ya kwanza kuona hili niliwaita wenzangu wote chumbani.

Njano ya makwapa inatokana na jasho kukutana na alumini iliyo kwenye dawa nyingi za kuzuia jasho. Jiki inaweza kuizidisha. Changanya peroksaidi ileile na bikabonati ya soda, ile ya kupikia maandazi, iwe kama uji mzito. Pakaa, subiri nusu saa, fua.

Kutu inataka ndimu na chumvi, dakika chache juani, kisha suuza sana. Hapa ndipo mahali pa ndimu, na koti lisiwe na jiki hata kidogo.

Chai na kahawa, sabuni na maji ya uvuguvugu. Haya ndiyo madoa ambayo, yakigoma kabisa kwenye pamba, jiki hafifu ina kazi.

Jumamosi yangu siku hizi

Ninafua kila Jumamosi asubuhi, koti likiwa peke yake. Si kwa ajili ya rangi tu. Limetoka wodini, sitaki liogelee na taulo langu.

Natoa kila kitu mfukoni, natibu madoa kwa maji baridi. Halafu naloweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga kwa nusu saa, si usiku kucha, maana uchafu uliotoka ukikaa unarudi. Kola na mikono naisugua kwa brashi laini.

Kisha maji ya moto. Uingereza wafanyakazi wa hospitali huambiwa wafue sare kwa nyuzi 60 za Selsiasi kwa dakika 10. Hosteli hakuna mashine, lakini hesabu ipo: nusu ndoo ya maji yaliyochemka sasa hivi, ukiongeza nusu ndoo ya maji ya bomba ya Dar, unapata karibu nyuzi 60. Tumia mwiko wa mti kugeuzia, si mikono. Pamba na mchanganyiko wa poliesta vinalihimili joto hilo, na ndilo linalotoa mafuta ya kola. Nasisitiza, ni maji na sabuni tu. Jiki haiingii kwenye maji ya moto.

Nasuuza mara tatu, au mpaka maji yatoke meupe. Kama maji ni shida, nafua wiki ijayo nguo nyingine lakini koti nalisuuza vizuri. Kusuuza ndiko tunakokuibia, na ndiko weupe mwingi ulikojificha.

Naanika nikiwa nimeligeuza ndani nje. Jua linang'arisha kweli na kupunguza vijidudu, ila siku nzima kwenye jua la saa saba huchosha nyuzi, na sabuni iliyobaki hugeuka njano juani. Likikauka naliondoa. Mwisho pasi, nikihakikisha hakuna doa lililobaki, kwa sababu pasi ikipita juu ya doa inaliganda.

Jiki naitumia mara moja moja, pengine mara mbili kwa muhula, kwa kipimo nilichotaja. Baada ya hapo nasuuza mpaka harufu iishe kabisa.

Koti la pili

Sikumwambia mama mpaka likizo. Nilimaliza rotesheni ile kwa koti la kuazima, kubwa kwangu, la rafiki aliyekuwa kwenye idara isiyohitaji koti wiki hizo. Boom lilipoingia nikashona jingine, mchanganyiko wa poliesta na pamba, na wiki mbili nzima nikala wali maharage mchana na jioni kulifidia.

Nyumbani nilipomwonyesha mama lile la zamani, aliligeuzageuza, akasema, "Mbona kola ni nzima?" Akalikata. Mgongo wa koti haukuwa umelala sana ndani ya jiki, ulielea juu ya maji, kwa hiyo ulikuwa bado imara. Sasa ni kitambaa cha kuwekea chini ya doa ninapotoa wino.

Koti jipya lina miaka miwili. Si jeupe kama karatasi, na ukiliweka pembeni ya jipya la dukani utaona tofauti. Lakini ni safi, viwiko ni vizima, na mzee wa getini akilipiga pasi halivuti tena kwa vidole viwili kulijaribu.